Mji Ukikosa Pesa, Afya ya Nani Hulipa?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka polepole)

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni unaosha vyombo, kama uko kwenye matatu unarudi nyumbani, au umekaa dukani ukingoja mteja, tega sikio kidogo.

Leo hatutazungumzia malaria wala presha. Leo tutazungumzia bajeti. Najua kuna mtu ameshanyoosha mkono abadilishe stesheni! Ngoja kwanza, ndugu yangu. Ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba mji una upungufu wa pesa, na kwamba huenda huduma zikapunguzwa, usidhani hiyo ni habari ya wanasiasa na wahasibu peke yao. Hiyo ni habari ya afya. Inahusu maji unayokunywa, taka iliyo nje ya mlango wako, na glovu atakazovaa mkunga siku binti yako atakapojifungua.

Basi swali letu la leo ni hili: mji ukikosa pesa, ni nini hukatwa kwanza, na ni ugonjwa gani huingia kupitia pale palipokatwa? Nitachukua mfano wa Nairobi, kwa sababu ndio mji mkubwa kuliko yote nchini. Lakini wewe uliye Mombasa, Kisumu, Nakuru au Eldoret, sikiliza vilevile, maana mambo yanafanana.

KAZI ZA MJI KWA AFYA YAKO

Watu wengi wakisikia neno afya, hufikiria hospitali. Lakini tukifungua Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, tunakuta orodha ya kazi za serikali ya kaunti. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti zimo. Ambulensi zimo. Kuzoa taka na kusimamia majaa ya taka kumo. Maji na majitaka yamo. Mitaro ya maji ya mvua imo. Kuwapa leseni na kuwakagua wanaouza chakula kumo. Hata makaburi na vyumba vya kuhifadhia maiti vimo.

Kwa hivyo unaona, msikilizaji, kaunti inakuhudumia tangu unapozaliwa hadi unapozikwa. Hapa Nairobi, hospitali ya kina mama ya Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki ni za kaunti. Hospitali ya Kenyatta ni ya rufaa na iko chini ya serikali kuu. Wengi huchanganya hapo, wakapeleka malalamiko mlango usio wake.

PESA HUTOKA WAPI, NA PENGO HUINGILIA WAPI?

Tuseme kaunti ni kama nyumba. Kila nyumba ina mapato na matumizi. Mwaka wa pesa wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bajeti ya Nairobi siku hizi ni zaidi ya shilingi bilioni 40 kwa mwaka.

Pesa hizo hutoka sehemu mbili kubwa. Sehemu ya kwanza ni mgao kutoka serikali kuu. Katiba inasema kaunti zote 47 kwa pamoja zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokwisha kukaguliwa. Sehemu ya pili ni pesa ambazo kaunti inakusanya yenyewe: kodi za ardhi, ada za kuegesha magari, leseni za biashara, ada za kuidhinisha ramani za majengo, mabango ya matangazo, na malipo ya hospitali.

Sasa pengo huingilia wapi? Huingilia kwenye milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni mgao kupungua au kuchelewa. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa mwezi wa Juni, serikali ilikosa kodi ilizokuwa imetarajia. Mgao wa kaunti zote uliokuwa umepangwa kuwa shilingi bilioni 400 ukashushwa hadi bilioni 387.4. Kaunti zilikuwa zimeshapanga matumizi yao kwa hesabu ile ya juu. Tena hata mgao usipopunguzwa, mara nyingi huchelewa. Mshahara wa mwezi ukichelewa nyumbani kwako, si unajua vile hali inavyokuwa? Dukani unakopa, na ada ya shule inangoja.

Mlango wa pili ni makadirio makubwa kuliko uwezo. Kaunti inaandika kwamba itakusanya kiasi fulani, mwaka unaisha ikiwa imekusanya kidogo. Nairobi imekosa kufikia shabaha yake ya makusanyo mara nyingi. Pengo hilo halionekani kwenye karatasi mwezi wa Julai. Linaonekana mwezi wa Aprili, wakati lori la taka halina mafuta.

Mlango wa tatu ni madeni. Nairobi imeongoza kaunti zote kwa miaka mingi kwa bili ambazo hazijalipwa, na sehemu ya madeni hayo ilirithiwa kutoka kwa baraza la jiji la zamani, kabla ya kaunti kuanza mwaka 2013. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini kila shilingi inayolipa deni la jana ni shilingi ambayo hainunui dawa ya leo. Na wasiolipwa nao huchoka. Anayeuza dawa anakataa kuleta nyingine. Mwenye lori anaegesha lori lake. Pengine mnakumbuka Februari 2025, wakati Kenya Power na City Hall walipozozania madeni, umeme ukakatwa, na malori ya kaunti yakamwaga taka mbele ya Stima Plaza. Watu walicheka, wengine wakakasirika. Mimi kama muuguzi niliona jambo moja: pesa zikigombaniwa, taka huishia barabarani.

KWA NINI KINGA HUKATWA KWANZA?

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo, maana hapa ndipo penye shina la mazungumzo yetu.

Mji ukikosa pesa, kuna vitu haviwezi kukatwa kwa urahisi. Mishahara ni lazima ilipwe, na isipolipwa kuna mgomo. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma tuligoma miezi mitano nchi nzima. Kila mtu aliona, kila mtu alisema. Barabara ambayo mkandarasi ameshaanza kuchimba nayo haiwezi kuachwa hivyohivyo, maana itaonekana.

Sasa ni nini kinaweza kukatwa bila mtu kupiga kelele? Ni klorini ya kutibu maji. Ni mafuta ya ambulensi. Ni vijana wa kibarua wanaozibua mitaro. Ni afisa wa afya ya umma anayezunguka akikagua vioski vya chakula. Ni posho ya mhamasishaji wa afya ya jamii anayekuja kwako kuuliza kama mtoto amepata chanjo. Ni kuponi za mafuta za pikipiki inayopeleka makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu maabara.

Mtaro haugomi, msikilizaji. Chupa ya klorini haiandamani. Ndiyo maana hivi ndivyo hukatwa kwanza.

Na kuna jambo lingine. Kinga ikifanya kazi vizuri, huoni kitu. Mtoto ambaye hakuugua kipindupindu hana picha gazetini. Kwa hivyo anayeshika kalamu ya bajeti akiuliza, "Hii pesa ya mitaro ilifanya nini mwaka jana?", jibu linaonekana kama hakuna. Anakata. Wiki tatu zinapita, mvua inanyesha, na hapo ndipo tunajua ilikuwa inafanya nini.

Hebu tufanye hesabu ya kitandani. Mtu mzima mwenye kilo 60 akiishiwa na maji kabisa kwa kipindupindu, tunahitaji kumpa dripu lita 6 katika saa tatu za kwanza. Hizo ni chupa 12 za nusu lita, kwa mgonjwa mmoja, na bado hatujahesabu muuguzi wa kukaa naye, kitanda, sabuni na dawa ya kusafishia. Linganisha na klorini ambayo ingesafisha maji ya familia yake nzima. Mji unaoacha kununua klorini haujaokoa pesa. Umehamisha gharama kutoka kwenye tangi la maji hadi wodini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAFUNZO KUTOKA FLINT

Mtu anaweza kusema, "Hayo ni mambo ya nchi maskini." Hapana. Nitawapa mfano kutoka Marekani, nchi tajiri, ili tuone kwamba ugonjwa huu hauchagui.

Kuna mji unaitwa Flint, katika jimbo la Michigan. Ulikuwa na watu karibu 100,000. Viwanda vya magari vilipofungwa, mapato ya mji yakaporomoka. Serikali ya jimbo ikateua meneja wa dharura wa kupunguza matumizi. Mwezi wa Aprili 2014, ili kuokoa mamilioni ya dola, mji uliacha kununua maji safi kutoka Detroit na ukaanza kuvuta maji ya mto Flint.

Maji ya mto yale yalikuwa yanakula chuma. Kuna dawa inayotiwa ili maji yasile mabomba. Haikutiwa. Mabomba mengi ya mji ule yalikuwa ya zamani na yalikuwa yametengenezwa kwa madini ya risasi, ile metali nzito iliyo kwenye betri za magari. Maji yakala mabomba, risasi ikaingia kwenye maji, na maji yakaingia kwenye vikombe vya watoto.

Wananchi walilalamika mapema kwamba maji yana rangi, yananuka, na watoto wanatoka vipele. Waliambiwa maji ni salama. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, kiwanda cha General Motors kiliacha kutumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yanafanya vipuri vya injini vipate kutu. Fikirini hilo, wasikilizaji. Maji hayafai injini, lakini watoto wanaendelea kuyanywa! Ilibidi daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, achunguze rekodi za damu za watoto na kuonyesha hadharani, Septemba 2015, kwamba idadi ya watoto wenye risasi nyingi mwilini imeongezeka maradufu. Mwezi uliofuata mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Wakati huohuo ugonjwa mkali wa mapafu, unaoletwa na bakteria wanaokaa kwenye maji, ulikuwa umeua watu wasiopungua 12.

Na ile pesa iliyookolewa? Fidia iliyokubaliwa baadaye mahakamani ilizidi dola milioni 600. Mabomba zaidi ya 10,000 yalifukuliwa na kubadilishwa. Lakini risasi ikishaathiri ubongo wa mtoto, hakuna fidia inayoirudisha akili ile. Hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto.

Nawaambia haya kwa sababu risasi haiko Flint pekee. Jaa letu la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Mji haukuwa na jaa jingine, na taka ikaendelea kumwagwa hapohapo. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walikuwa na risasi katika damu kufikia au kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Kuahirisha jaa jipya kila mwaka kwa sababu pesa hazitoshi nako ni kukata huduma, ila hakuna siku linapotangazwa.

DALILI ZA KUANGALIA MTAANI

Kama vile ugonjwa una dalili, kukatwa kwa huduma nako kuna dalili. Usingoje tangazo. Angalia mambo haya:

Kwanza, taka. Kama lori lilikuwa likija mara mbili kwa wiki na sasa halijaonekana wiki mbili, hesabu siku. Taka ikikaa huleta nzi, na nzi hubeba vijidudu vya kuhara. Huleta panya. Na watu wakichoka huichoma, moshi ukaingia kwenye vifua vya watoto na wenye pumu.

Pili, maji. Bomba likikauka siku tatu kisha maji yakarudi, yale ya kwanza ni ya kuogopwa. Bomba likiwa limejaa, maji husukuma kutoka ndani kwenda nje. Likiwa tupu, uchafu wa nje huingia ndani kupitia nyufa. Na mitaani kwetu mabomba mengi ya plastiki yanapita ndani ya mtaro wa majitaka. Unaelewa sasa kwa nini kuhara huja baada ya mgao wa maji?

Tatu, mitaro. Mtaro uliojaa chupa na karatasi kabla ya mvua za Machi ni onyo. Mafuriko ya mwaka 2024 yalitufundisha jambo hilo kwa uchungu, hasa ndugu zetu wa Mathare.

Nne, kituo cha afya. Mama akifika kujifungua akaambiwa akanunue glovu, pamba na uzi nje, hiyo ni dalili. Maabara ikisema leo haipimi kwa sababu hakuna dawa za kupimia, hiyo ni dalili. Mgonjwa wa presha akipewa vidonge vya wiki moja badala ya mwezi, hiyo nayo ni dalili.

NIFANYE NINI NYUMBANI?

Haya yote ni kazi ya serikali, na kuyafanya nyumbani hakuiondolei serikali kazi yake. Lakini kijidudu hakingoji bajeti ipitishwe. Kwa hivyo:

Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote vizuri, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha ngoja nusu saa. Yahifadhi kwenye mtungi safi wenye mdomo mwembamba na kifuniko. Usichovye kikombe wala mkono.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika, kabla ya kula, baada ya choo, na baada ya kumbadilisha mtoto.

Tenganisha taka. Maganda ya ndizi na sukuma wiki weka peke yake, plastiki peke yake. Usimwage taka mtaroni hata kama lori halijaja, maana mtaro huo ndio utakaoleta maji kitandani kwako. Mkiwa ploti moja, changeni mlipe kikundi cha vijana wanaokusanya taka, na muulize wanaipeleka wapi.

Mtoto akihara, anza kumpa maji ya chumvi na sukari mara moja. Pakiti za ORS ndizo bora. Ukikosa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Endelea kumnyonyesha. Kituoni atapewa vidonge vya zinki, na mpe siku zote ulizoelekezwa hata kama kuhara kumeisha. Ukiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea, hawezi kunywa, au choo ni kama maji ya mchele, usimalizie kipindi hiki. Kimbia hospitali.

Mama mjamzito, panga mapema. Ukifika miezi saba, uliza kituo chako kama kinafanya kazi usiku, na ujue kituo cha pili ikiwa cha kwanza kimefungwa. Weka pesa kidogo ya usafiri. Jua jirani gani ana gari.

Na wewe unayetumia dawa za presha, kisukari, kifua kikuu au ARV, tafadhali nisikilize vizuri. Dawa zikikosekana, usigawanye vidonge ili vikae siku nyingi. Usiazime kwa jirani. Rudi kituoni kabla hazijaisha, omba barua ya kuhamishiwa kituo kingine chenye dawa. Dawa ya nusu humfundisha adui kupigana.

SAUTI YAKO INA TAREHE ZAKE

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo wengi hawaijui. Bajeti ya kaunti ina kalenda, kama kliniki ya mtoto. Ukikosa tarehe, umekosa.

Tarehe 1 Septemba, kaunti inapaswa kupeleka bungeni mwake mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Hapo ndipo zahanati mpya au jaa jipya hutajwa kwa mara ya kwanza. Tarehe 28 Februari, inapeleka karatasi ya mikakati ya fedha, ambayo inasema kila idara itapata kiasi gani. Hapa ndipo afya hupata au hukosa. Tarehe 30 Aprili, makadirio kamili yanafika bungeni. Na kabla ya tarehe 30 Juni, lazima yapitishwe.

Katiba, katika kifungu cha 201, inasema wananchi washirikishwe katika mambo ya pesa za umma. Kwa hivyo kaunti hutangaza mikutano ya kutoa maoni. Mara nyingi tangazo hutoka gazetini, nawe hununui gazeti. Muulize chifu, muulize MCA wako, angalia ubao wa matangazo wa ofisi ya wadi. Nairobi ina wadi 85, na kila moja ina MCA.

Ukienda mkutanoni, usiseme tu "huduma ni mbaya." Hayo wamezoea kuyasikia. Nenda na hesabu. Kwa mfano: "Zahanati yetu haikuwa na maji siku tisa mwezi uliopita. Lori la taka limekuja mara moja tangu mwezi uanze. Tunaomba tangi la maji la zahanati liandikwe kwenye bajeti, na pesa za mafuta ya malori zisiguswe." Sentensi tatu tu. Andika, weka sahihi mkiwa wengi, peleka nakala kwa karani wa bunge la kaunti na ubaki na nakala yenye muhuri.

Na usiende kusema tu "msikate." Pesa zikiwa zimepungua kweli, kitu kitakatwa. Uliza: safari za nje zimewekewa ngapi? Chai na vikao ngapi? Magari mapya ngapi? Kisha sema ni kipi kianze kukatwa na ni kipi kiwe cha mwisho. Klorini, chanjo, vifaa vya kujifungulia, ambulensi, taka na mitaro viwe vya mwisho.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA NYINGI

Je, pesa ninazolipa kituoni huenda wapi?
Tangu mwaka 2023 kuna sheria inayosema mapato ya hospitali na vituo vya afya vya umma yabaki katika kituo kilichoyakusanya, yatumike kukiendesha. Kwa hivyo daima omba risiti. Risiti ndiyo inayoonyesha pesa imeingia kituoni wala si mfukoni mwa mtu. Na kituo chako kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Wajue ni kina nani.

Je, kujisajili SHA kunasaidia kitu kaunti ikiwa haina pesa?
Ndiyo. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kuna hazina ya afya ya msingi ambayo hulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya kwa waliojisajili. Ukitibiwa ukiwa umesajiliwa, kituo kinaweza kudai malipo yako. Usiposajiliwa, kituo kimekutibu bila kulipwa. Piga *147# au mwone mhamasishaji wa afya wa kijiji chako.

Kwa nini muuguzi ananikaripia dawa zikikosekana? Si kosa langu.
Si kosa lako kweli, na hakuna muuguzi anayefaa kukukaripia. Lakini pia si yeye aliyekata bajeti. Muuguzi mmoja anayehudumia foleni ndefu ya watu amechoka. Mwulizeni kwa upole nini kinakosekana, mkaiseme kwenye mkutano wa bajeti. Mara nyingi sisi wafanyakazi hatuwezi kusema hadharani. Ninyi mnaweza.

Nikitaka kuona karatasi za bajeti na wakaninyima?
Katika kifungu cha 35, Katiba inakupa haki ya kupata habari za serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua, weka tarehe, hesabu siku. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti kuhusu kila kaunti nazo hutolewa kwa umma. Kijana wako mwenye simu anaweza kukutafutia.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Moja: taka, maji, mitaro na ukaguzi wa chakula ni huduma za afya, hata kama hazina koti jeupe.
Mbili: mji ukikosa pesa, kinga hukatwa kwanza kwa sababu haina wa kuisemea.
Tatu: gharama iliyokatwa kwenye kinga haipotei. Inarudi wodini ikiwa kubwa zaidi, na inaanza kulipwa na mtoto mdogo.
Nne: linda nyumba yako leo, na andika tarehe hizi kwenye kalenda yako: 1 Septemba, 28 Februari, 30 Aprili na 30 Juni.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii, wasikilizaji, ni rahisi. Hesabu ni siku ngapi lori la taka limekuja mtaani kwenu, ni siku ngapi bomba limekuwa na maji, na ni dawa gani iliyokosekana ulipoenda kituoni. Andika kwenye karatasi, uibandike nyuma ya mlango. Mkutano wa bajeti ukitangazwa, utakuwa na la kusema.

Wiki ijayo tutazungumzia lishe ya mtoto baada ya miezi sita. Hadi wakati huo, chemsha maji, nawa mikono, na usinyamaze. Kinga ni bora kuliko tiba. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi)